Uhuru Ulio na Masikio: Juu ya Santuri Moja ya Ornette Coleman

Watu wengi wakisikia habari za jazi huru hufikiri mara moja juu ya kelele. Husema kwamba muziki usio na kanuni ni kama shule isiyo na kengele: kila mtoto huingia na kutoka apendavyo, na jioni hakuna aliyejifunza neno. Shtaka hilo si la kupuuzwa, kwa maana limesemwa na watu wajuao muziki, wala si na wajinga tu. Walakini twaona kwamba yapasa lipimwe kwa kitu chenyewe, si kwa jina la kitu. Kwa hiyo twaichukua santuri moja tu, iliyopigwa na watu wanne wakiongozwa na Ornette Coleman huko Hollywood, Marekani, tarehe 22 Mei 1959. Jina lake ni The Shape of Jazz to Come, yaani umbo la jazi itakayokuja.

Twatangulia kusema neno ambalo twataka kulionyesha. Santuri hii haikuikimbia bluzi, ambayo ndiyo mama wa jazi. Imerudi nyumbani kwake kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia. Na uhuru uliomo si uhuru wa mtu kufanya apendavyo, bali ni uhuru wa watu wanaosikilizana.

Kwanza yafaa tueleze bluzi ni nini. Ni nyimbo zilizozaliwa kusini mwa Marekani kati ya watu weusi wa huko, watoto na wajukuu wa watumwa, kuelekea mwisho wa karne ya 19. Ndani yake mna vilio vya mashambani, nyimbo za kazi, na sauti za makanisani. Kwa kawaida ubeti una mistari mitatu: mwimbaji husema neno lake, hulirudia, kisha hulijibu. Mistari hiyo hugawanywa katika vipimo 12, na chini yake hupita mafungamano matatu ya sauti kwa utaratibu ambao kila mpigaji anaujua. Tena ziko sauti fulani ambazo mwimbaji huzipinda, akazishusha kidogo chini ya mahali pake katika kinanda, hata hazipatikani juu ya kibao cheupe wala cheusi. Hapo katikati ndipo panapokaa majonzi yenyewe.

Lakini liko jambo moja linalosahauliwa. Vipimo hivyo 12 vilikazwa zaidi na wino kuliko na koo. W. C. Handy alipochapa "The Memphis Blues" mwaka wa 1912, na "St. Louis Blues" mwaka wa 1914, bluzi iliingia katika karatasi, na karatasi hupenda mistari iliyo sawa. Waimbaji wenyewe hawakuhesabu hivyo sikuzote. Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas, aliyeimba katika santuri tangu mwaka wa 1926 hata 1929, aliongeza vipimo au kuvipunguza kadiri ya pumzi yake na uzito wa neno lake. Gitaa lake lilimngoja, au lilimjibu kwa kirefu, ndipo akaendelea. Mtu aimbaye peke yake huweza kufanya hivyo, kwa kuwa mkono na ulimi wake ni vya bwana mmoja.

Shida huanza wapigaji wakiwa wengi. Nani atamngoja nani? Hapo ndipo kanuni ya vipimo 12 ilipofaa sana, maana iliwawezesha watu kumi kupiga pamoja bila kugongana. Faida ilikuwa kubwa, na gharama yake nayo ilikuwa kubwa: tangu hapo majonzi yalipaswa kwisha kwa wakati uliowekwa, yakaanza tena kwa wakati uliowekwa, mtu awe amemaliza kulia au bado. Swali ambalo Coleman alilileta mbele ya wapigaji wa jazi ni hili: Je, watu wanne waweza kupiga pamoja kwa uhuru ule ule ambao kipofu wa Texas alikuwa nao akiwa peke yake? Santuri hii ni jibu la swali hilo.

Coleman naye alikuwa mtu wa Texas. Alizaliwa Fort Worth tarehe 9 Machi 1930. Baba yake alifariki yeye akiwa angali mtoto, na mama yake aliishika nyumba kwa kazi ya kushona. Saksafoni alijifundisha mwenyewe, akazunguka na bendi za dansi zilizopiga bluzi za kuwachezesha watu. Huko Baton Rouge, Louisiana, watu walimshambulia baada ya dansi, wakampiga na kuiharibu saksafoni yake. Alipofika Los Angeles alifanya kazi ya kuendesha lifti katika duka kubwa, na katika nafasi zake alisoma vitabu vya muziki. Mwaka wa 1954 alinunua saksafoni ya plastiki, kwa kuwa fedha zake hazikutosha kununua ya shaba. Baadaye akaipenda kwa ajili ya sauti yake kavu iliyo karibu na sauti ya mtu. Twayataja hayo si kwa kutafuta huruma, bali kwa kuonyesha kwamba bluzi hakuisoma katika kitabu. Aliipiga kwa riziki yake, tena alipigwa kwa ajili ya muziki.

Wenzake watatu walikuwa vijana kuliko yeye. Don Cherry, mpiga tarumbeta, alikuwa na miaka 22. Na Billy Higgins, mpiga ngoma, miaka 22 vile vile. Charlie Haden, wa miaka 21, alipiga besi, lile zeze kubwa lisimamalo kupita kimo cha mtu. Huyu Haden alizaliwa Iowa katika jamaa ya waimbaji, akaimba nyimbo za mashamba katika redio pamoja na wazazi wake tangu alipokuwa mtoto mdogo sana. Yeye alikuwa mweupe, na wengine watatu walikuwa weusi. Mwaka ule wa 1959 sheria za majimbo ya kusini mwa Marekani zilikuwa zingali zikiwatenga watu kwa rangi zao hata shuleni na katika mikahawa. Msikilizaji asiyejua habari hiyo hataisikia katika santuri. Lakini aijuaye ataona kwamba kusikilizana kwa watu wanne namna ile hakukuwa jambo dogo.

Sasa tuutazame mpango wao. Jambo la kwanza ni kile kisichokuwamo: hakuna kinanda. Katika jazi ya siku zile kinanda kilikuwa kama msimamizi wa safari. Kilitangaza mafungamano ya sauti yaliyokuwa yanapita, na mpiga saksafoni alipaswa kupita katika milango ile ile, kwa zamu ile ile. Coleman alipoacha kinanda aliondoa msimamizi, lakini hakuiondoa njia. Tuni yenyewe, ambayo saksafoni na tarumbeta huipiga pamoja mwanzoni, ndiyo inayobaki katika kumbukumbu na kuwaongoza. Mpigaji akitaka kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi, hukaa. Akitaka kugeuka, hugeuka, na Haden humfuata kwa besi, au humtangulia. Kwa sababu hiyo masikio ya Haden ni nguzo ya nyumba nzima. Wahenga walisema, "Kuimba kupokezana," na hatujui maneno mengine mawili yaelezayo santuri hii kwa ufupi zaidi.

Nyimbo ni sita, na muda wake wote ni kama dakika 38. Hakuna hata moja iliyopewa jina la bluzi; hata hivyo kila moja ni hali mojawapo ya moyo wa bluzi.

Ya kwanza, "Lonely Woman," yaani mwanamke mpweke, ndiyo iliyo kuu. Coleman alisimulia kwamba alipokuwa akifanya kazi dukani aliona picha iliyochorwa ya mwanamke tajiri, mweupe, mwenye kila kitu ambacho mtu aweza kukitamani, naye uso wake ulikuwa na upweke usio na mfano. Akaenda nyumbani akaitunga tuni hii. Jambo hilo lastahili kufikiriwa: mtu mweusi maskini, mwendesha lifti, aliona huzuni ya tajiri mweupe, wala hakuicheka, aliipa wimbo. Katika kupiga, ngoma ya Higgins hukimbia mbio, besi ya Haden hutembea polepole kwa uzito, na juu yao saksafoni na tarumbeta huingia pamoja na tuni ndefu isiyofungwa na mwendo wa ngoma wala wa besi. Miendo miwili huenda pamoja bila kupatana na bila kupigana. Mtu mwenye msiba atalitambua jambo hili mara moja: dunia hukimbia njiani, na yeye yuko dirishani, wala saa yake si saa ya dunia. Hapa muziki hausemi habari za upweke. Waonyesha jinsi upweke unavyokaa.

Ya pili, "Eventually," ni ya kasi kubwa, na Coleman humo hulia na kucheka kwa pumzi moja. Wenye kujua bluzi hawatashangaa, kwa maana bluzi haikuwa kilio tu wakati wo wote; mara nyingi ni kicheko cha mtu aliyekataa kuvunjika.

Ya tatu ni "Peace," yaani amani, nayo ndiyo ndefu kuliko zote, yapata dakika 9. Twaiona kuwa ya pili kwa uzuri. Tuni yake ina vituo, na wapigaji huviheshimu vituo hivyo. Hakuna anayekimbilia kujaza kimya. Coleman husema neno fupi, hulirudia kwa kuligeuza kidogo, kisha hulijibu. Na msikilizaji makini atatambua kwamba huu ni ule ubeti wa bluzi wa mistari mitatu, illa haukukatwa kwa rula. Amani hiyo si ya mtu asiyeona taabu. Ni ya mtu aliyekwisha kulia, sasa ameketi.

"Focus on Sanity," yaani kukaza nia katika akili timamu, hugeuza mwendo mara kwa mara: huanza kwa haraka, husimama, humwacha Haden atembee peke yake na besi, kisha huondoka tena. "Congeniality" ina tuni yenye maneno mawili, moja la haraka na la kuchangamka, jingine la polepole na la kuomboleza kidogo, kama watu wawili wa tabia mbalimbali wakaao nyumba moja kwa upendo. Ya mwisho, "Chronology," ndiyo iliyo karibu zaidi na jazi ya Charlie Parker, ambaye wapigaji wa rika la Coleman wote walikua chini ya kivuli chake. Kwa wimbo huo santuri hufungwa kwa uchangamfu, si kwa kilio.

Msomaji aweza kuuliza kama hatuilazimishi bluzi mahali isipokuwapo. Twamjibu kwamba asikilize santuri iliyofuata, Change of the Century, ambayo watu hawa hawa wanne waliipiga mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Wimbo wake wa kwanza, "Ramblin'," ni bluzi iliyofunua uso kabisa. Haden hukwangua nyuzi za besi kana kwamba ni gitaa la mwimbaji wa barabarani, na Coleman hupiga kama mtu aliyerudi katika dansi za Texas. Aliyeusikia wimbo huo, kisha akairudia "Lonely Woman," hatakosa kutambua kwamba ni damu moja.

Sasa twaja katika makosa, maana mhakiki asifuye tu hamsaidii mtu. Kwanza, santuri karibu yote hufuata desturi moja: tuni, kisha kila mmoja kwa zamu yake, kisha tuni tena. Watu waliothubutu kuondoa kinanda na mafungamano yake hawakuthubutu kuigusa desturi hiyo, na wimbo ukiwa wa haraka, kurudi kwa tuni mwishoni huwa kama hodi ya mtu aliyekwisha ingia. Pili, Cherry, aliye mzuri sana panapo utulivu, katika "Eventually" mara nyingine vidole vyake humtangulia akilini. Maneno ni mengi kuliko mawazo. Tatu ni jina la santuri. Kujitangaza kuwa umbo la jazi itakayokuja ni majivuno yasiyopatana na unyenyekevu wa muziki wenyewe. Lakini yafaa tuseme haki: jina hilo lilisukumwa na Nesuhi Ertegun, msimamizi wa kampuni ya Atlantic. Coleman mwenyewe alitaka santuri iitwe Focus on Sanity. Twaona lake lilikuwa bora. Watu walimwita mwenda wazimu, naye alikuwa akitafuta akili timamu.

Ama shtaka la kwamba saksafoni yake haikukaa katika sauti sahihi, sisi hatulikubali. Ni kweli kwamba sauti zake mara nyingi hazilingani na kinanda. Lakini sauti za bluzi hazikulingana na kinanda tangu mwanzo, na hilo halikuhesabiwa kuwa kosa la mwimbaji. Mtu asemaye kwa uchungu hasemi kwa sauti moja iliyonyoka. Kumhukumu Coleman kwa kinanda ni kumhukumu mwimbaji kwa chombo ambacho kazi yake yote ilikuwa kupita kati ya vibao vyake.

Na shtaka kubwa, la uhuru usio na kanuni? Santuri yenyewe yajibu. Tuni huanza pamoja na kwisha pamoja. Mapigo ya Higgins hayapotei. Hakuna amwachaye mwenzake njiani. Kanuni ipo, illa imehama: imetoka katika karatasi ikaingia katika masikio. Kanuni iliyo katika karatasi mtu aweza kuitii huku amelala. Iliyo katika masikio haiwezi kutiiwa na mtu aliyelala hata kidogo. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba wanne hawa walikuwa chini ya sheria kali kuliko bendi nyingi zilizohesabu vipimo vyao kwa uangalifu. Kweli, walikuja wafuasi ambao walichukua kelele wakaacha kusikiliza. Coleman mwenyewe alipiga tarehe 21 Desemba 1960 santuri ya watu wanane, wanne kila upande, iliyotoka mwaka wa 1961 kwa jina la Free Jazz, nayo ndiyo iliyoupa muziki huu jina lake. Lakini dhambi za wafuasi hazimhukumu aliyetangulia.

Mwezi wa Novemba 1959 wanne hao walikwenda New York wakapiga katika mkahawa wa Five Spot, na mji ukagawanyika. John Lewis, mpiga kinanda mwenye sifa ya nidhamu, alikuwa amekwisha kumwunga mkono Coleman, na Leonard Bernstein alimsifu. Wengine wenye majina makubwa walimdharau waziwazi. Bila shaka wako waliojifariji kwa methali isemayo kwamba ngoma ivumayo haidumu. Ngoma hii imedumu. Mwaka wa 2007 Coleman alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa ajili ya Sound Grammar, na santuri yetu hii iliingizwa katika orodha ya mwaka wa 2012 ya sauti ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kwa ajili ya taifa. Wapigaji wote wanne wamekwisha kufariki: Cherry mwaka wa 1995, Higgins 2001, Haden 2014, na Coleman tarehe 11 Juni 2015.

Twadhani habari hii yawahusu walimu zaidi ya wengine. Sisi twafundisha kwa vipimo, na hatuna budi, kwa maana watoto arobaini hawawezi kuimba pamoja bila kuhesabu. Lakini twaweza kuwafundisha kuhesabu tusiwafundishe kusikia. Hapo tutapata kwaya ambayo kila sauti iko mahali pake, wala hakuna amsikiaye jirani yake. Tena twaweza kuwafundisha kwamba huzuni ni jambo la kumalizwa upesi, kwa ubeti uliopimwa, ndipo watu warudi kazini. Zaburi hazifundishi hivyo. Ziko nyingi zianzazo kwa kilio, na iko moja, ya 88, inayokwisha gizani bila faraja, na waliokusanya kitabu kile hawakuiondoa. Walijua kwamba mwombolezaji huhitaji kwanza kusikilizwa, na kufarijiwa huja baadaye.

Msomaji atakayeipata santuri hii twamshauri asiianze yote kwa mara moja. Asikilize "Lonely Woman" mara tatu: mara ya kwanza aifuate ngoma tu, mara ya pili besi tu, na mara ya tatu saksafoni na tarumbeta. Kisha asikilize vyote pamoja. Asipopenda baada ya hayo, hana lawama. Lakini hatasema tena kwamba ni kelele, kwa kuwa katika kelele hakuna anayemngoja mwenzake, na hapa atakuwa amewasikia watu wanne wakingojana.